Flora na Kuku wa Mhubiri

Wenye haya zao wasome habari hizi wakiwa peke yao, maana hata mimi mwenyewe nikifika katikati yake huwa nageukia dirishani nikajifanya naangalia mvua, ingawa nywele nilizokuwa nazo siku ile zimeshanikimbia karibu zote. Nimepata aibu nyingi maishani (niliwahi kuvunja kiti mbele ya wakuu wa chuo, niliwahi kuingia kwenye matanga na kuwapongeza wenyeji nikidhani ni harusi), lakini hizo zote zilikuwa aibu ndogo ndogo za mtu na nafsi yake. Hii ninayowasimulia ilikuwa na mashahidi wa kanisa zima, ngoma ikiwemo, na mbwa watano.

Ilianza na gari. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru wazungu wengi walikuwa wakifunga masanduku, na sisi tuliotoka chuo kikuu tukiwa bado na harufu ya chaki tulikuwa tukirithi meza zao. Mimi niliajiriwa katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega, nikapewa meza ya mzungu, nikapewa kiti cha mzungu ambacho bado kilikuwa na umbo la makalio yake, na mwishowe nikapata gari lake. Mzungu mwenyewe tulimwita Bwana Kiko, kwa sababu kiko hakikumtoka mdomoni hata alipokuwa akitukana. Kila Jumapili, wenzake wakienda kanisani na sisi tukienda kanisani, Bwana Kiko alijaza mbwa wake kwenye lile gari refu lenye mlango nyuma, akapanda nao milima ya Nandi kwenda kuangalia mandhari. Mji mzima ulimcheka. Mtu na akili zake timamu anachoma petroli kwenda kuutazama mlima, haendi kununua ng'ombe, haendi kumzika mtu, anautazama tu halafu anarudi nyumbani, tena na mbwa! Mimi nilicheka kuliko wote, na moyoni nikawa najiambia kwamba siku nitakayopata gari nitafanya vivyo hivyo.

Basi siku ikafika. Bwana Kiko aliondoka, akaniachia gari, na ndani ya gari akaniachia mbwa. Alikuwa na rafiki yake huko kwenye mashamba ya chai ya Nandi Hills aliyekubali kuwachukua, na kazi yangu ilikuwa kuwafikisha tu. Lori la ofisi lilikuwa liende upande huo Jumatatu, na dereva wake alikuwa tayari kuwabeba. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa, wa kuuharibu ulimwengu wangu. Nilisema, "Hapana, nitawapeleka mwenyewe, Jumapili."

Sasa niwaeleze kwa nini uamuzi huo ulikuwa wa mpumbavu. Jumamosi iliyokuwa inafuata nilikuwa niende na wajomba zangu kutoka Matungu kujitambulisha kwa wazazi wa Agneta. Agneta alikuwa mwalimu karibu na Mukumu, msichana wa maneno machache na macho mengi, na nilikuwa nimehangaika kumpata kuliko nilivyohangaikia shahada. Kwao ni ule upande wa njia inayotoka Chavakali kupanda milima ya Nandi, kwenye soko moja dogo ambalo nitaliacha bila jina, maana watu wake wanajua kusoma na bado wapo. Kwa hiyo, ukitaka kwenda Nandi Hills, unapita kwao mlangoni.

Nilimwendea nikiwa na furaha zangu, nikamwambia aje tupande milima pamoja, aone dunia.

"Wewe Ainea," akasema, "unataka nipite kwetu nikiwa ndani ya gari na mwanaume na mbwa watano, kabla hata wazee hawajakaa? Unataka baba anizike nikiwa hai?"

"Basi nitapita peke yangu."

"Pita, lakini pita kama upepo. Pale sokoni kwetu usisimame, hata kama tairi litatoka. Jumapili mama huwa pale kanisani, na wewe na yeye hamfai kukutana mpaka siku yenyewe, na hata siku yenyewe ni kwa mbali."

"Sasa nitamjuaje nimkwepe?"

"Hutamjua. Ndiyo maana nakwambia usisimame."

(Kwa msomaji wa mbali: kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe ni kama moto na nyasi kavu. Hawasalimiani kwa mkono, hawakai kiti kimoja, wakikutana njiani mmoja anaingia shambani mwa watu mpaka mwenzake apite. Na jina lake hulitaji. Hulitaji kwa upole, hulitaji kwa hasira, hulitaji usingizini. Jina la mama yake Agneta sikuwahi kuliuliza, na mwanaume gani wa kwetu anauliza jina la mama mkwe? La kufanyia nini?)

Jumapili ilikuja ikiwa imeoshwa na mvua ya jana yake. Nilivaa kofia ya Bwana Kiko, ambayo ilikuwa ikinifunika masikio, nikawapakia wasafiri wangu. Mbele kando yangu alikaa Meja, mbwa mkubwa mwenye uso wa hakimu. Nyuma walikaa Pasha na Kaisari, ndugu wawili waliokuwa hawawezi kutazama dirisha moja bila kupigana, na Tobi, kadogo kama paka, mwenye sauti kubwa kuliko wote. Na nyuma kabisa, akijaza nafasi ya watu watatu, alikaa Flora.

Flora alikuwa jike zee, mnene, wa rangi ya chapati iliyoiva vizuri, na alikuwa mwizi. Si mwizi wa njaa, mwizi wa kipaji. Kwa muda mfupi aliokaa kwangu alikuwa ameiba siagi, ameiba sabuni akidhani ni siagi, akaiba kiatu. Hakusikia lugha ya upole. Bwana Kiko alinifundisha kwamba Flora anasikia jina lake tu, na ni lazima liitwe kwa sauti ya kupasua mapafu, likifuatwa na matusi marefu. Jina bila matusi aliliona kama salamu.

Nawaambia ukweli, jamaa zangu, mpaka Chavakali sijawahi kuwa na furaha kama ile. Mbwa walitoa vichwa nje, masikio yao yakipepea kama bendera za Uhuru, watoto wakikimbia kando ya barabara wakipiga kelele, "Mbwa wameajiri dereva! Mbwa wameajiri dereva!" na mimi nikiwapungia mkono kama waziri. Tulipokata kushoto na kuanza kupanda, ukuta wa Nandi ukatokea mbele yetu, wa buluu, mawe yake yakiwa yamevaa ukungu, na msitu ukitoa ile harufu ya majani yaliyolowa ambayo mtu akiivuta anataka kuimba. Nikaimba. Meja akaimba. Wote watano wakaimba. Nikaelewa kumbe Bwana Kiko hakuwa mwendawazimu, sisi ndio tulikuwa tumekaa chini ya mlima miaka yote bila kuinua shingo.

Na gari likachemka.

Ningeweza kuwaambia lilichemka msituni, au kwenye kona isiyo na watu. Lilichemka mbele ya kanisa. Lilichemka pale pale sokoni kwa kina Agneta, likatoa mvuke kama chungu cha maharagwe, likasimama katikati ya barabara likikohoa, na mlango wa kanisa ukiwa wazi kunitazama.

Nikajipa moyo. Nitaomba maji, nitaijaza rejeta, nitaondoka, nani atanijua chini ya kofia hii? Lakini siku ile ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kanisa lote lilikuwa nje uwanjani, ngoma inalia, ndizi na mahindi na maboga yamepangwa kwenye mikeka, na mhubiri mgeni ameketishwa kivulini kwenye kiti chenye kitambaa, akisubiri chakula chake. Na kutoka jikoni ndiyo kwanza msafara wa akina mama ulikuwa unakuja, wote wamevaa nguo nyeupe ndefu, wakitembea taratibu na kuimba, wa kwanza wao akiwa amebeba kwa mikono miwili bakuli kubwa lililofunikwa. Ndani ya bakuli, kama kila mtu wa kwetu angejua hata kwa macho yaliyofungwa, kulikuwa na ingokho mzima, kuku wa mhubiri, hakuna aliyeruhusiwa hata kulamba mchuzi wake.

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye injini. Nilipoinua kichwa, dirisha la nyuma lilikuwa limeshuka na Flora hayumo. Nikatazama uwanjani na kuuona mkia wa rangi ya chapati ukizama kati ya zile nguo nyeupe, ukielekea mbele ya msafara.

Sikufikiri. Nilijaza mapafu yote mawili nikapiga ile sauti ya Bwana Kiko:

"Flora! We Flora! Achana na hiyo kuku! Mwizi mkubwa wewe! Huna haya, na uzee huo? Tumbo kama pipa na bado unamezea mate chakula cha wageni!"

Ngoma ikanyamaza. Wimbo ukakatika katikati ya neno, na mpaka leo siwezi kuusikia bila kutokwa jasho. Yule mama wa mbele, mwenye bakuli, alisimama kama aliyepigwa na radi. Kanisa zima likageuka, likamtazama yeye, likanitazama mimi, likamtazama yeye tena. Mimi nikadhani wanamtazama mbwa.

Mzee mmoja wa kanisa, mwenye koti la kahawia, akaja kwangu polepole.

"Kijana," akasema, "Flora ameiba nini?"

"Ah, mzee, uliza hajaiba nini! Juzi ameniibia siagi yote nyumbani kwangu."

"Nyumbani kwako?"

"Kakamega. Huwa analala kwangu."

Nikasikia uwanja mzima ukivuta pumzi. Mzee akapangusa miwani yake.

"Flora analalanga kwako? Tangu lini?"

"Tangu mzungu aende kwao. Kabla ya hapo alikuwa akilala kwa mzungu, tena kitandani, na ndiyo sababu ameharibika tabia."

Mwanamke mmoja akakaa chini. Mwingine akaanza kusali kwa sauti. Na mimi (Mungu anisamehe, nilikuwa najiona mwenyeji mzuri, kijana msomi anayeongea vizuri na wazee) nikaona bora nimalize jambo, nikanyoosha kidole moja kwa moja mbele ya ule msafara.

"Si huyo hapo! Mnamwona? Mbwa huyo!"

Jamani. Flora alikuwa amekaa nyuma ya nguo ya yule mama, hakuna hata unywele wake uliokuwa ukionekana. Kidole changu kilikuwa kinamwelekea mtu.

Yule mama alikuwa mwanamke mrefu, mwenye uso wa kuagiza na kutiiwa. Hakupiga kelele. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya barabara, "Mimi ni Flora. Ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa hili. Sijawahi kulala Kakamega. Nani huyu ananiita mbwa?"

Ndipo Flora wangu akatoka. Akatoka kwa madaha, akakaa mbele ya bakuli, akainua macho kama mshirika anayesubiri kubarikiwa, na ulimi nje. Halafu msichana mmoja wa kwaya akapasuka kicheko, akafuatwa na mpiga ngoma, akafuatwa na mhubiri mwenyewe, na baada ya hapo uwanja wote ulikuwa unalia kwa kucheka, wengine wakishikilia maboga ya Mungu ili wasianguke.

"Hii mbwa inaitwa kama mimi?" akauliza yule mama. Yeye hakuwa anacheka, lakini nikaona pembe ya mdomo wake ikihangaika.

"Ndiyo, mama," nikasema, nimevua kofia. "Kwa wazungu ni jina la heshima sana."

Hapo ningepona. Nawaapia, hapo ningeomba maji yangu na msamaha nikaenda zangu, na leo ningekuwa nawasimulia mkasa mwingine. Lakini mama mmoja mnene mfupi, aliyeitwa Mama Jerida, akanisogelea akinikagua kutoka viatu mpaka utosi, akaniuliza swali ambalo kwetu ni lazima mgeni aulizwe: "Wewe ni mtoto wa nani, na umetoka wapi?"

Nikajibu kwa majivuno ya kijana aliyesoma. "Mimi ni Ainea. Kwetu ni Matungu, ila nafanya kazi Kakamega, ofisini."

Mama Jerida akahesabu kitu kichwani. Kisha akageuka akasema kwa ule mnong'ono wa watu wa kwetu unaosikika hata na viziwi, "Ainea wa Matungu? Si ndiye wa Agneta? Si ndiye tunapikia Jumamosi?"

Sijui kama mmewahi kuona damu ya mtu ikishuka miguuni. Mimi yangu ilishuka, ikapita kwenye viatu, ikaingia ardhini. Nilimtazama yule mama na yeye akanitazama, na katika dakika ile moja wote wawili tukajua. Akavuta kitambaa cha kichwani kwa mkono mmoja akajifunika uso, akazunguka, akakimbia. Mwenyekiti wa akina mama, na umri wake, na heshima yake, akakimbia kulizunguka kanisa ili asionwe na mkwe, na kwa kuwa alikuwa amechanganyikiwa, akakimbia na bakuli.

Flora hakuwa na habari za wakwe. Aliona kuku anakimbia, akamfuata kuku. Na wale wanne waliobaki garini, walipomwona mwenzao yuko mbioni, wakaruka madirishani, Meja mbele na sura yake ya hakimu, Tobi nyuma akipiga kelele kwa niaba ya wote.

"Ita mbwa yako!" akapiga kelele Mama Jerida. "Kijana, ita mbwa yako!"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Jamaa zangu, oneni pale nilipokuwa nimesimama. Mbwa anayesikia neno moja tu duniani, na neno hilo moja ndilo dunia nzima ilikuwa imenikataza kulitamka tangu dakika ile. Nilikuwa nimeliita bila kujua, sawa, huo ni ujinga, na mjinga husamehewa. Sasa nilikuwa najua. Nikilitamka tena, mbele ya kanisa, mbele ya ukoo, na matusi yake, hakuna Jumamosi, hakuna Agneta, wajomba wangebaki Matungu na mbuzi wao. Nisipolitamka, mama mkwe wangu ataliwa.

"Ita!" wakapiga kelele wote. Mama wa watu alishazunguka kanisa mara moja, alikuwa anaanza kuzunguka tena.

"Wee!" nikaita. "Wee mnyama! Wee mnene! Psss!" Bure. Nikakimbia nyuma yao, kisha nikakumbuka kwamba mkwe hamkimbizi mama mkwe, nikasimama, nikageuka nikawapa mgongo, nikafumba macho, na nikiwa katika hali hiyo, mtu mzima mwenye shahada anayeuhutubia ukuta, nikapiga kwa sauti yangu yote:

"Wajina wa mama! Tafadhali, wajina wa mama, rudi hapa! Nakuomba, wajina wa mama!"

Flora bila shaka hakurudi, maana hakuwahi kuombwa kitu maishani mwake. Lakini nilisikia mlango wa kanisa ukifungwa kwa kishindo, na kuna kucha zilikuwa zinakwaruza mbao kwa nje, nikajua mama yuko salama, na kuku yuko salama. Kisha mzee wa koti la kahawia akasema, kama mtu anayeonja mchuzi, "Wajina wa mama. Haya."

Lililofuata ni baraza la ajabu kuliko yote niliyowahi kuhudhuria. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa nje, nimetazama barabara. Mama Jerida alisimama katikati, kwenye ngazi, kuwa mdomo wa wote wawili, ingawa kila neno lilikuwa linasikika vizuri.

"Mwambie huyo kijana," ikasema sauti ya ndani, "kwamba nimesikia yote."

"Anasema amesikia yote," akasema Mama Jerida.

"Nimesikia," nikasema.

"Usiseme umesikia! Ngoja nikwambie mimi. Sasa nimekwambia. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Mwambie, matusi aliyosema hakujua ni ya nani. Mtu hawezi kufungwa kwa jiwe alilorusha gizani. Lakini alipojua, mdomo wake ulifunga, hata mbwa iliponikaribia. Hiyo ndiyo nilikuwa nasikiliza."

Mama Jerida akayapeleka hayo yote, akaongeza na yake kuhusu vijana wa siku hizi na kofia za wazungu. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Na Jumamosi?"

Nilisikia mkia wa Flora ukipiga ngazi, tap, tap, tap. Nikaona maisha yangu yote yakipita: meza ya mzungu, kiti cha mzungu, na mimi juu yake nikizeeka bila mke.

"Mwambie Jumamosi waje," ikasema sauti. "Alete na blanketi, ya kunifunika haya alizonitembezea uwanjani. Lakini mwambie hivi: mwenye jina langu hataenda Unandi kufokewa na watu nisiowajua. Kama ni mwizi, ataibia kwetu. Aniachie."

"Anasema umwache mbwa," akasema Mama Jerida, na yeye mwenyewe macho yakiwa yamemtoka.

Nikamwacha. Vijana wa kwaya walinisaidia kuwakamata wale wanne na kujaza rejeta, nikaendelea na safari kwa sababu ahadi ni ahadi, na nawaambia kwamba nilipofika juu kabisa, pale barabara inapotoka msituni na nchi yote inafunguka chini yako, mashamba, moshi wa majiko, mpaka kule miwa ya kwetu inakokuwa mstari tu wa kijani, nilisimamisha gari nikashuka nikapiga kelele za furaha mpaka mwangwi ukanirudia mara tatu. Mbwa nao wakanijibu. Kule kwenye chai, rafiki wa Bwana Kiko aliwahesabu mbwa wake, akawahesabu tena, akaniuliza aliko wa tano. Nikamjibu kwamba amepata jamaa zake njiani.

Jumamosi tulikwenda, mimi na wajomba, na blanketi. Mama mkwe alikuwa jikoni, sikumwona, ndivyo inavyotakiwa. Flora nilimwona. Alikuwa ameoshwa, amenenepa zaidi, na kwa kuwa hata hapo nyumbani hakuna aliyethubutu kumfokea mbwa kwa jina la mwenye nyumba, watoto walikuwa wanamwita Kukhu, yaani bibi. Aliponiona alikuja moja kwa moja, akapita katikati ya wazee, akajilaza juu ya viatu vyangu. Chakula kilipoletwa, nikawekewa mimi mkwe mtarajiwa obusuma, ugali wa kwetu, na paja la kuku, akainuka, akaweka kidevu chake chote kwenye sahani yangu.

Mjomba wangu mkubwa, ambaye sikuwa nimemweleza kitu (ningemweleza nini?), akainua fimbo.

"Mjomba, hapana!" nikasema. Nikaiinua sahani ile kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama tunavyowapa watu wazima, nikamwekea Flora chini. "Karibu, mama."

Kutoka jikoni kikaja kicheko, kicheko kikubwa cha mwanamke mrefu, ambacho kilianza kikajizuia kikashindwa, na nyuma yake nikasikia sauti ya Agneta ikisema, "Mama, nyamaza, wazee watasikia!" Baba mkwe akawatazama wajomba zangu, akatazama sahani iliyokwisha safishwa, akasema, "Basi huyu tumpe tu, ameshalishana na wajina wa mwenye nyumba."

Wakanipa. Lakini tangu siku ile nimeapa mambo mawili, na nimeyashika. Mbwa niliofuga baadaye sijawapa majina, nawapigia mluzi tu. Na kijana anaponijia na habari za uchumba, akaanza kunieleza msichana amesoma wapi na anaimba sauti gani kwenye kwaya, namkatiza na kumwuliza mama wa msichana anaitwa nani. Hunitazama kwa huruma, akanihesabu mshamba. Simlaumu. Hajapanda mlima na mbwa.